Mmea Unapozaa Isivyo Desturi

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo mkulima wa Nanyala, na wa Mbozi yote, huenda akakutana nalo shambani mwake mwaka wo wote. Mahindi yamekwisha kutoa mbelewele. Mwenye shamba anapita katikati ya mistari, na kumbe mhindi mmoja umezaa kichwani. Pale juu, mahali pa mbelewele, pameota punje za mahindi, tena tupu, hazina maganda wala ndevu. Akienda hatua ishirini mbele aona jambo jingine. Mahali pa hindi pana unga mweusi, na juu, mahali pa mbelewele, pana fungu la majani yaliyosokotana.

Watu wakiona mambo kama haya, kila mtu husema lake. Mmoja husema ni mkosi. Wa pili humtazama jirani yake kwa jicho la mashaka. Wa tatu huukata mmea na kuutupa njiani, akaenda zake. Lakini mambo haya mawili, ingawa yote ni uzazi usio wa desturi, si ndugu hata kidogo. La kwanza halina madhara. La pili laweza kuuharibu udongo wa shamba kwa miaka kadhaa. Asiyejua kuyapambanua, ama atahofu bure, ama atakaa raha mustarehe huku hasara inamjia.

Basi ili tuyapambanue, hapana budi kwanza tujue kiungo cha uzazi cha mmea hufanywa namna gani. Na mwalimu mwema wa somo hili si mhindi, ambao mwili wake una mambo mengi, bali ni mmea mdogo wa milimani ambao watu huukanyaga bila kuutazama. Wataalamu huuita likopodio, jina la Kiyunani lenye maana ya mguu wa mbwa-mwitu.

Likopodio haioti katika mashamba ya mahindi. Hupenda baridi, ukungu na mvua nyingi. Anayetoka Nanyala akashika njia ya Mbeya, kisha akageukia kusini kuelekea Tukuyu, huuona mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960. Katika milima ya namna hiyo ya Nyanda za Juu Kusini, pembeni mwa misitu na penye kingo za njia zilizo na unyevu, ndiko jamaa za likopodio huota. Shina lake hutambaa chini kama kamba, likishuka mizizi midogo hapa na pale. Majani yake ni membamba, mafupi, yenye ncha, nayo hulifunika shina pande zote hata likafanana na mkia wa mnyama mwenye manyoya.

Mmea huu ni mnyonge kwa kimo, lakini ukoo wake ni wa kale sana. Ulitengana na mimea mingine zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, kabla ya kuwako ua lo lote duniani. Katika zama za kale, kama miaka milioni 310 iliyopita, watu wa ukoo huu walikuwa miti mikubwa, mingine ikipita mita 30, nayo ilisimama katika mabwawa ya nchi ambazo leo ni Ulaya na Marekani. Mabaki yake yalizikwa, yakagandamizwa, yakawa makaa ya mawe. Makaa tuliyo nayo sisi karibu, ya Songwe na Kiwira, ni ya zama za baadaye kidogo, wakati miti ya koo nyingine ilipokwisha kushika nafasi. Ile miti mikubwa ilikufa yote. Wakabaki hawa wadogo wanaotambaa. Kwa hiyo tukitaka kujua mimea ilianzaje kujitengenezea viungo vya uzazi, yafaa kuwauliza wazee hawa.

Sasa tutazame uzazi wake. Likopodio haina ua, haina tunda, wala haina mbegu. Wakati wa kuzaa ukifika, ile itambaayo, ambayo wataalamu huiita Lycopodium clavatum, huinua kijiti chembamba kutoka chini, na katika ncha ya kijiti hicho hutokea masuke mawili au matatu, yamesimama wima, rangi yake ya kimanjano. Ukilivunja suke moja na kulitazama kwa kioo cha kukuzia, utaona kuwa limefunikwa kwa magamba madogo yaliyopangwa kama vigae vya nyumba. Nyuma ya kila gamba, kwapani mwake, mna kifuko kimoja chenye umbo la figo. Kifuko kikikauka hupasuka, na ndani hutoka unga mwepesi wa manjano. Kila chembe ya unga huo ni spora. Spora ni ndogo mno: thelathini zikipangwa mstari mmoja hufika kama milimita moja tu.

Unga huu una mafuta mengi, wala haukubali maji. Mtu akijipaka mkononi na kuutia mkono majini, huutoa mkavu. Kwa sababu hiyo zamani wauza dawa wa Ulaya waliviringisha vidonge ndani yake visishikane. Tena ukirushwa hewani penye moto huwaka mara moja kwa mmuliko mkubwa, na wachezaji wa michezo ya kuigiza walikuwa wakiutumia kufanya mfano wa radi.

Spora ikianguka mahali pazuri haioti ikawa likopodio papo hapo. Huota kwanza kijimwili kidogo kisicho na majani, ambacho kwa ile itambaayo hukaa chini ya udongo, kikilishwa na kuvu zinazoishi pamoja nacho. Huweza kukaa hivyo miaka mingi. Ndani ya kijimwili hicho ndimo chembe za kiume na za kike hukutana, kwa msaada wa maji, na hapo ndipo mmea mpya wenye shina na majani huchipuka. Mmea unaochukua miaka mingi kiasi hicho kupata mtoto, bila shaka suke lake ni mali.

Lakini yatukia pengine kwamba suke halitokei kama ilivyo desturi. Namna za upotovu huo ni kadha wa kadha, nami nitataja tatu.

Namna ya kwanza ni suke lenye panda. Badala ya kwenda moja kwa moja mpaka ncha, suke hugawanyika katikati likawa na vichwa viwili, kama panda ya manati.

Namna ya pili ni ya ajabu zaidi. Suke huanza vema, magamba yake yana vifuko, lakini lifikapo nchani huacha kuzaa. Magamba hurefuka, hugeuka kijani, nalo suke huendelea kukua kama tawi la kawaida lenye majani. Ni kana kwamba limesahau kazi lililotumwa.

Namna ya tatu huonekana mpakani mwa hizo mbili. Ni magamba ambayo si magamba kamili wala si majani kamili. Mengine yana kifuko kidogo kilichodumaa, na ndani yake hamna spora njema.

Mtu akiyaona haya mara ya kwanza husema, mmea umeugua. Lakini hebu tufikiri. Shina la likopodio, hata lile lisilozaa, lina desturi moja: linapotaka kutoa matawi, ncha yake hugawanyika mara mbili. Basi suke lenye panda halikufanya jambo geni. Lilifanya lile lile ambalo kila shina la likopodio hufanya siku zote. Na suke lililorudia kutoa majani nalo halikuzua jambo. Lilirudi nyumbani kwao. Maana suke asili yake ni tawi, na kila gamba asili yake ni jani. Ni tawi lililopewa kazi ya kuzaa, likafupishwa, majani yake yakapunguzwa na kubadilishwa rangi, kila jani likakabidhiwa kifuko cha kutunza. Kazi hiyo ikikatizwa, tawi huonekana tena kama lilivyokuwa.

Ushahidi wa maneno haya tunao katika milima yetu wenyewe. Juu sana katika Kilimanjaro, penye baridi kali, huota jamaa mwingine wa ukoo huu aitwaye hupezia. Huyu hana suke kabisa. Shina lake nene husimama wima. Hutoa majani yenye vifuko kwa kipande fulani, kisha hutoa majani matupu, kisha tena yenye vifuko, huku akiendelea kurefuka. Huzaa, hupumzika, hukua, huzaa tena. Jambo lililo upotovu kwa likopodio itambaayo, yaani suke kurudia kutoa majani, kwa hupezia ndiyo desturi ya kila mwaka. Ndipo tujue kuwa neno “isivyo kawaida” halina maana mpaka tumekwisha kuuliza: kawaida ya nani?

Wataalamu wa Ulaya walilitambua jambo hili polepole. Mnamo mwaka 1742, katika nchi ya Sweden, mwanafunzi mmoja aliokota mmea ambao maua yake hayakufanana na ya wenzake. Maua ya mmea ule kwa desturi yana mdomo wa juu na wa chini na mkia mmoja nyuma. Haya yalikuwa ya mviringo, yenye mikia mitano. Bwana Linnaeus, yule aliyeipangia mimea na wanyama majina, alistaajabu sana, akaandika habari zake mwaka 1744, akauita mmea ule Peloria, maana yake dubwana. Mwaka 1790 Bwana Goethe wa Ujerumani, ambaye watu wengi humjua kwa ushairi, aliandika kitabu juu ya mageuzi ya mimea. Alilichukua waridi lililopotoka, ambalo katikati ya ua lake palichipuka kijiti chenye majani, akalifanya shahidi wake kwamba viungo vya ua ni majani yaliyogeuzwa kazi. Na mwaka 1999, zaidi ya miaka 250 baada ya Linnaeus, watafiti waligundua kisa cha lile dubwana lake. Amri ya urithi ambayo hulipa ua umbo lake haikupotea ndani ya mmea wala haikuandikwa vibaya. Ilikuwa imefungwa tu isisomeke, kama barua iliyotiwa muhuri.

Sasa, ni nini kinachofanya amri hizo zisisomeke au zisomwe vibaya? Sababu ni nyingi, bali kwa urahisi twaweza kuziweka katika mafungu manne. Kwanza ni jeraha. Ncha ya mmea ni laini. Ikiumwa na mdudu, ikikanyagwa na ng’ombe au ikipigwa na mvua ya mawe ilipokuwa changa, hukua kwa njia nyingine. Pili ni hali ya mahali, yaani baridi, joto, ukame au maji mengi kuja wakati mmea unapoamua kazi ya ncha yake. Tatu ni urithi: kasoro iliyo ndani ya mmea wenyewe, ambayo huweza kupita kwa watoto. Katika ukoo wa likopodio, mathalani, jamaa mbili mbalimbali zikichanganyika, mtoto wao mara nyingi hutoa spora zilizonyauka. Nne ni ugonjwa, yaani mgeni aliyeingia mwilini mwa mmea na kuzigeuza kazi zake kwa faida yake mwenyewe.

Mafungu matatu ya kwanza ni mambo ya mmea peke yake. Hayaruki kutoka mmea huu hata ule kama moto. Fungu la nne ndilo la kuogopwa. Tukishikilia tofauti hiyo, twaweza sasa kurudi Nanyala, katika shamba la mahindi.

Mhindi ni tofauti sana na likopodio: una maua, una mbegu. Lakini kanuni ni ile ile. Mbelewele ni kilele cha shina, nalo hindi ni kilele cha tawi fupi lililo kwapani mwa jani. Maua yanapoanza, yakiwa madogo hata hayaonekani kwa macho, kila moja huwa na viungo vyote viwili, vya kiume na vya kike. Baadaye kule juu vya kike hufa, kukabaki unga wa kiume. Na kule chini vya kiume hufa, pakabaki punje na ndevu zake. Kwa hiyo punje zikitokea katika mbelewele, hakuna kilichopandwa pale na mtu. Vile viungo vya kike, ambavyo vilikuwako tangu mwanzo, havikufa kama ilivyo desturi. Jambo hili huonekana hasa katika machipukizi yanayotoka chini kando ya shina kubwa, na katika mihindi ambayo ncha yake iliumizwa ilipokuwa michanga. Mara chache hutokana na urithi.

Mhindi wa namna hiyo usikutie hofu. Hauambukizi. Punje zake hazina ganda la kuzikinga, basi ndege huzila na mvua huziozesha, lakini si sumu kwa sababu ya kuota pale. Ikiwa ni mmoja au miwili katika shamba, iache. Ila usichague mbegu za mwakani katika mihindi hiyo, kwa kuwa kwa macho matupu huwezi kujua kama kisa chake ni jeraha au ni urithi.

Lakini uonapo unga mweusi, hilo ni jambo jingine. Huo ni ugonjwa wa fugwe. Mgeni wake ni kuvu, nayo, kama likopodio, huzaa kwa spora. Spora za fugwe hukaa udongoni zikingoja. Mahindi yanapoota, huingia katika mche ungali mdogo, hupanda pamoja nao kimyakimya bila kuonekana, na mmea unapofika wakati wa kuzaa, kuvu hushika viungo vya uzazi na kuvifanya vyake. Hindi huwa fupi na nene, halina ndevu. Ukilipasua, ndani mna unga mweusi uliochanganyika na nyuzi ngumu. Mbelewele nayo hujaa unga huo, au hugeuka vijani vijani. Hapa pia tawi limerudia asili yake na kutoa majani, kama lile suke la likopodio, lakini si kwa hiari yake, limelazimishwa.

Uko na ugonjwa mwingine ambao hugeuza mbelewele yote kuwa kichaka cha majani bila unga mweusi. Huo huja mahali ambapo maji yalisimama shambani mahindi yalipokuwa machanga. Dawa yake ni kuchimba mifereji maji yatoke, na kutopanda tena mahindi katika bonde lile lile linalofurika.

Kwa upande wa fugwe, mambo ya kufanya ni haya. Pita shambani mahindi yanapotoa mbelewele, kabla ule unga haujapasuka. Mmea ulioshikwa uvike mfuko kichwani na penye hindi, uung’oe, uuchome moto au uuzike shimo refu nje ya shamba. Usiutupe njiani, usiwape ng’ombe, wala usiutie katika mbolea, maana utairudisha samadi shambani pamoja na ugonjwa. Usifikiri kwamba kung’oa kutauponya mwaka huu. Mche ulioshikwa umekwisha kushikwa. Unafanya hivyo kwa ajili ya miaka ijayo, kwa kuwa spora za fugwe huweza kukaa udongoni miaka kadhaa. Basi mwaka wa pili panda maharage au zao jingine mahali pale, na upandapo mahindi tena utumie mbegu safi iliyotiwa dawa. Na mihindi ikiwa mingi iliyoshikwa, mwite bwana shamba aione.

Nanyi wanafunzi, mna kazi yenu. Mkiona mmea uliozaa isivyo desturi, msikimbilie kuung’oa wala kuucheka. Andikeni katika daftari siku, mahali, na kiungo gani kimegeuka. Hesabuni ni mimea mingapi katika mia iliyo hivyo. Angalieni kama mmea una alama ya kuumwa au kukanyagwa, kama maji yalisimama pale, kama pana unga wa rangi yo yote. Mwaka wa pili rudini mahali pale pale mkaangalie tena. Ikiwa kisa ni jeraha, hamtakiona. Ikiwa ni ugonjwa wa udongo, mtakikuta kinawangoja. Na anayebahatika kupanda Rungwe akaona masuke ya likopodio, ayatazame bila kuyachuma, akikumbuka kuwa mmea ule ulichukua miaka mingi chini ya udongo kabla ya kuonekana.

Jirani yako hakuutia mhindi wako punje kichwani. Ulikuwa nazo tangu mwanzo, zikakosa tu kufa kwa wakati wake. Lakini ule unga mweusi, ukiuacha upeperuke, ndio utakaovuka mpaka na kuingia katika shamba la jirani huyo. Na hapo ndipo atakapokuwa na haki ya kukuuliza.